Ndege wa Mlangoni Kwetu Kavimvira

Hapa Uvira mtoto akipiga kelele « Ndege! », sisi watu wazima tunainua macho kutafuta helikopta. Lugha yetu imeweka vyote viwili katika neno moja: chuma kinachonguruma na kiumbe chenye manyoya. Kwa miaka mingi helikopta za MONUC, ile iliyokuja kuitwa MONUSCO, zilipita juu ya mabati yetu, mpaka ujumbe huo ulipoondoka Kivu ya Kusini mwaka 2024. Watoto waliokua wakati ule walijua sauti yake hata wakiwa ndani ya nyumba. Lakini uwaulize jina la yule mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji kama ametundikwa na kamba, watakujibu: « Mwalimu, ni ndege tu. »

Juu ya hawa « ndege tu » ndiyo tunataka kuandika. Sisi ni mwalimu wa sekondari, tulitoka ISP na diploma yetu, na kazi yetu ni kufundisha historia. Wanaoandika juu ya mila huchagua ndoa, matanga, ngoma na mahari, nasi tunawasoma kwa furaha. Lakini kumwona ndege wa porini ukiwa mlangoni kwako, ukamtambua, ukamwita kwa jina, hiyo nayo ni mila ya watu wa huku. Ina historia yake, na tunaogopa kwamba ni mikononi mwetu itaanguka.

Mgeni asiyejua Kavimvira afikirie hivi. Magharibi kuna ukuta wa milima ya Mitumba, na nyuma yake misitu ya Itombwe. Mashariki kuna ziwa Tanganyika. Kaskazini bonde la Ruzizi linafunguka, na mto wenyewe unaingia ziwani kwa delta ya matope, matete na mafunjo. Basi ndege wa nchi tatu wanakutana juu ya mabati yetu. Wa ziwa ni mwari na mdomo wake wenye mfuko, mnandi anayekausha mabawa kama mtu aliyeanika koti, na tai mla-samaki ambaye sauti yake inafika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Wa bonde ni yangeyange, ambaye wengi hapa tunamwita nyange, na kwera wanaofuma vikapu vyao juu ya mitende. Mwewe hatuwezi kusema ni wa wapi. Yuko Kalundu kwenye samaki, yuko sokoni kwenye matumbo ya mbuzi, na kila mama mwenye vifaranga anamjua kuliko sisi tunavyojua wanafunzi wetu.

Sisi tukitaka kwenda Gatumba tunapanga mstari, tunaonyesha karatasi, tunangoja muhuri. Nyange anakula asubuhi Burundi na jioni analala Kongo, na hakuna duane inayomwuliza kitu.

Shule yetu ya kwanza ya ndege ilikuwa shamba la mpunga. Wenye umri wetu waliozaliwa upande wa bonde wanakumbuka kazi ya kuamia. Mpunga ukianza kujaa maziwa, watoto wanapelekwa shambani kabla jua halijatoka. Unapanda juu ya kichanja, mkononi una kamba ndefu iliyofungwa mikebe tupu, na wakitua unavuta, mikebe inalia, wanaruka kama majani yaliyopeperushwa. Ukisinzia kidogo tu, jioni baba anaona masuke matupu na unajua kitakachofuata. Kazi ile tulilalamika nayo sana. Lakini huwezi kuamia bila kuangalia. Baada ya siku mbili unajua nani amekuja kwa mpunga na nani amekuja kwa panzi. Bibi zetu walitukataza kumtupia jiwe nyange, kwa sababu yeye hufuata ng'ombe na kula wadudu wanaorushwa na kwato. Walitukataza pia kugusa kiota cha fundichuma, yule wa rangi ya udongo mwenye kichwa kama nyundo. Kiota chake ni rundo la maelfu ya vijiti, kinaweza kufika mita moja na nusu kwa upana, mlango wake umepakwa matope, na ni imara mpaka mtu mzima anaweza kusimama juu yake. Walisema ukikibomoa, nyumba yako nayo itabomoka. Hatukuuliza sababu. Hata leo hatujawahi kukibomoa kimoja.

Halafu tukaingia sekondari. Kitabu chetu cha zoolojia kilikuwa na picha nzuri za ndege wa Ulaya, tukakariri majina yao kwa Kifaransa, tukapata pointi. Hata mmoja wao hatukuwahi kumwona kwenye paa la Kavimvira. Wale wa kichanjani hawakuwa na ukurasa, na polepole majina waliyotupa bibi zetu yakaanza kuonekana kama maneno ya watu wasiosoma. Hilo tunalisema kama kosa letu wenyewe. Hakuna aliyetukataza kuyaandika.

Aibu yake ilitufikia kwa njia ya maji. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba katika mji wetu. Kisha ziwa lenyewe likapanda. Mwaka 2021 lilikuwa limeingia katika avenue za chini, na mwaka 2024 likarudi kwa nguvu. Kavimvira, Kilomoni na ng'ambo Gatumba, watu waliacha parseli zao na mitumbwi ikapita mahali pa pikipiki.

Wanahistoria hawashangai sana, maana ziwa hili lina tabia hiyo. Mto mmoja tu unatoa maji yake, Lukuga, kule Kalemie. Katika karne ya 19 mlango wa Lukuga uliziba kwa mchanga na mimea, ziwa likapanda mpaka karibu mwaka 1878 kizuizi kilipopasuka, maji yakaanza kushuka kwa miaka mingi. Likapanda tena baada ya mvua kubwa za miaka ya 1961 na 1962, hata mwaka 1964 likawa juu sana, na wazee wetu wanayakumbuka maji yale. Kila mara ukingo wa maji unaposogea, ndege wa ukingo wanasogea nao. Wao hawajui parseli ni ya nani.

Siku moja, katika maji ya 2024, tulikwenda na wanafunzi wachache kumsalimia mama mmoja jirani aliyepoteza nyumba. Zilikuwa zimebaki kuta za jiko, maji yakifika magotini. Kwenye fremu ya mlango alikuwa amekaa ndege mdogo kuliko kiganja, mgongo wa buluu inayong'aa, tumbo la rangi ya kutu, mdomo mwekundu mrefu kuliko haki yake. Akadondoka majini kama jiwe, akarudi na kasamaki. Tukasahau tulichofuata. Mwanafunzi mmoja akauliza: « Mwalimu, hii ndege jina yake ni nani? » Tukafungua mdomo, na hatukupata kitu. Jina la Kifaransa tulilijua, la Kiswahili halikuja, la bibi lilikuwa limepotea kabisa.

Mama yule alikuwa anatuangalia. Akasema taratibu: « Mwalimu, maji imekunywa nyumba yangu, na weye unachekelea kadege? »

Hatukuwa na jibu. Mpaka leo tunalitafuta, na ndiyo maana somo hili tunaliandika kwa uangalifu. Furaha ya kuona ndege karibu na nyumba si kitu safi wakati ndege amekaribia kwa sababu nyumba imeondoka. Tuliomba msamaha, tukasaidia kubeba mabati yaliyobaki, tukarudi. Jioni tukakumbuka: anaitwa mdiria. Yule mkubwa mweusi na mweupe anayesimama hewani ni wa ukoo wake.

Baada ya hapo tukaanza kutafuta ni nani aliyewahi kuandika juu ya ndege wa huku. Tulichokuta kinafanana sana na historia nyingine zote za nchi yetu.

Wazungu wa kwanza walioandika juu ya Uvira, Burton na Speke, walifika hapa kwa mitumbwi Aprili 1858. Walikuwa na swali moja: Ruzizi inatoka ziwani au inaingia? Vijana wa mtawala wa hapa wakawaambia wazi kwamba inaingia. Swali likaendelea kubishaniwa London miaka kumi na tatu, mpaka Livingstone na Stanley walipokuja wenyewe Novemba 1871 kutazama mlango wa mto na kukuta kwamba unaingia, kama wenyeji walivyosema. Tunalileta jambo hili kwa sababu ndege walipitia njia ileile: kitu kinachojulikana na watoto wa hapa kinahesabiwa kuwa hakijulikani mpaka mtu wa mbali akiandike.

Mwanzoni mwa karne ya 20 akaja Rudolf Grauer, Mwaustria, akapanda milima ya kaskazini-magharibi ya Tanganyika kukusanya wanyama na ndege. Mwaka 1909 Rothschild, tajiri Mwingereza aliyekuwa na makumbusho yake mwenyewe huko Tring, akamtangaza kwa wataalamu ndege mdogo wa kijani mwenye koo la buluu aliyetoka katika milima hiyo, na jina la Grauer likaingizwa katika jina lake la kisayansi. Ndege wengine kadhaa wa misitu yetu wanabeba jina hilohilo, na hata sokwe mkubwa wa Kahuzi-Biega na Itombwe anaitwa graueri. Mwaka 1932 Rothschild aliuza sehemu kubwa ya ngozi zake za ndege kwa makumbusho ya New York. Kabla ya hapo, mwaka 1929, Wamarekani wawili, Rockefeller na Murphy, walikuwa wamekuja kumtafuta tena yule wa kijani, wakampata, wakaandika kwamba « amegunduliwa upya ». Kama angeweza kusema, sijui angejibu nini. Yeye alikuwa hajapotea.

Aliyefanya kazi ndefu kuliko wote ni Alexandre Prigogine, mtu wa migodi aliyeishi Kivu wakati wa ukoloni, ndugu wa Ilya Prigogine aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977. Alichapisha juu ya ndege wa Itombwe vitabu vinavyotumika mpaka leo. Mwaka 1951 bundi mmoja alipatikana Muusi, juu katika milima ya Itombwe. Mwaka uliofuata Schouteden akamwandika kama aina mpya na kumpa jina la Prigogine. Kisha bundi akanyamaza kwa miaka arobaini na mitano. Mwezi Mei 1996 kikundi cha watafiti, Wakongomani wakiwamo, kikamshika mmoja katika wavu, kikampima, kikampiga picha, kikamwachia. Miezi michache baadaye vita vikaingia Uvira. Hapo tunapumua kidogo: bundi anayetafutwa na wataalamu wa dunia nzima analala katika milima tunayoiona tukipiga mswaki asubuhi.

Hatuwachukii watu hawa. Bila wao tusingejua kwamba milima yetu ina ndege ambao hawako kwingine. Lakini tukisoma lebo zilizofungwa kwenye miguu ya ndege wale waliokaushwa, tunaona jina la Mzungu, tarehe, kimo cha mlima. Aliyetega mtego, aliyejua mti gani ndege huyo hupenda, aliyebeba sanduku mpaka ufukweni, mara nyingi hana mstari. Ujuzi wao ulisafiri ndani ya sanduku bila tiketi.

Kuna hadithi moja ya kweli ambayo wanafunzi wetu wanaipenda, maana safari hii ni sisi tuliotoa ushahidi. Zamani watu wa Ulaya hawakujua korongo na mbayuwayu huenda wapi baridi ikianza. Wengine walisema mbayuwayu hulala ndani ya matope. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz katika Ujerumani ya kaskazini, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umepita shingoni, mkuki wa mti wa Afrika ya kati. Alikuwa amechomwa huku kwetu upande wa Afrika, akaruka nao mpaka kwao. Bado yumo katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mkuki wake. Jina la mwindaji hatutalijua, lakini alijibu swali lililowashinda maprofesa. Baadaye wakaanza kuwavisha ndege pete. Mbayuwayu aliyevishwa pete katika mkoa wa Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, alipatikana Natal, Afrika ya Kusini, Desemba 1912.

Basi mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeanza, ukiona mbayuwayu wamejipanga kwenye waya wa umeme barabarani kuelekea mpakani (waya ambao mara nyingi hauna umeme, lakini hilo ni somo lingine), ujue baadhi yao walizaliwa katika zizi la ng'ombe huko Ulaya. Wanatua Kavimvira bila kuomba viza. Vijana wetu wanaoota kwenda huko wanacheka tukiwaambia hivyo, halafu wananyamaza.

Namna ya kuona haihitaji mali. Darubini tunayo moja, ya mkononi, kioo kimoja kimepasuka. Kinachohitajika ni saa kumi na mbili ya asubuhi na kukaa kimya. Nenda kwenye mashamba ya mpunga, au ufukweni mahali ambapo wavuvi wa ndagala wanaanika. Usimfuate ndege, kaa, naye atarudi kwenye kazi yake. Angalia mdomo kwanza, maana mdomo unakuambia chakula: mnene ni wa punje, mrefu na mwembamba ni wa matope, uliopinda ni wa nyama. Kule kwenye delta kuna mmoja ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu. Anaruka chini kabisa, huo wa chini ukikata maji kama mkasi, na ukigusa samaki unajifunga. Huyu hutaga mayai kwenye mchanga mtupu wa kando ya mto, hivyo maji yakipanda anapoteza nyumba kama sisi. Upande wa Burundi delta iliandikwa mwaka 2002 katika orodha ya maeneo yanayolindwa na Mkataba wa Ramsar. Upande wetu haijaandikwa. Ndege anayevuka mto anatoka katika sheria na kuingia katika manati.

Manati hatukuweza kuzikataza. Tulijaribu, zikafichwa. Tulichofanya ni kuleta daftari. Kila mwanafunzi anayetaka anaandika: tarehe, saa, mahali, ndege alikuwa anafanya nini, halafu jina kama linavyosemwa nyumbani kwao. Hapo ndipo kazi ilipogeuka kuwa sherehe na ugomvi. Darasani tuna watoto wa Kivira, Kifuliiru, Kibembe, Kirundi, Kinyamulenge, na kila mmoja alirudi na jina la bibi yake. Walibishana juu ya ndege mmoja siku mbili nzima, mpaka ikaonekana ni dume na jike, wazee wamewapa majina tofauti. Tulikuwa tumezoea kuwasikia watoto hawa wakibishana juu ya mambo mengine ya makabila yao. Ugomvi huu tuliuacha uendelee.

Ndege aliyepata majina mengi kuliko wote ni wa karibu kuliko wote: kale kadege keusi na keupe kanakotembea uani kakitikisa mkia. Kwa Kinyarwanda na Kirundi kanaitwa inyamanza, na kule Rwanda ndicho kitambulisho cha ukoo wa Wagesera. Karibu kila mtoto aliambiwa nyumbani kitu kilekile, hata kama lugha ni mbalimbali: hakapigwi, kakija uani ni heri. Baba mmoja alituma ujumbe kwamba hilo ni ushirikina. Tulimjibu kwamba kanakula nzi.

Maji yaliposhuka, mama yule jirani alirudi katika parseli yake akaanza kuondoa matope. Hatukuwa tumezungumza sana tangu siku ile. Asubuhi moja tukiwa tunaita majina ya wanafunzi, akafika mlangoni mwa darasa, akasimama, mikono ina udongo.

« Mwalimu, kuja uone. Kale ka mkia kamejenga mu ukuta wa jiko. Kako na mayai. »

Tulikwenda darasa zima. Katika tundu ambapo tofali lilidondoka kulikuwa na kiota cha majani makavu na nywele, na ndani mayai matatu yenye madoa ya kahawia. Mama akatuambia amemwomba fundi aanze na ukuta wa upande mwingine, huu asubiri. Akauliza kama naye anaweza kuandikwa katika daftari. Tukamwandika: tarehe, saa moja na nusu, ukuta wa jiko. Kwenye safu ya jina akatuambia neno la mama yake, ambalo hatukuwa nalo bado.